Sura ya Nne: Masaki Ina Nini?

"Masaki ina nini hasa?" Dar es Salaam swali hili halina mwenyewe. Analiuliza fundi rangi aliyeondoka Gongo la Mboto alfajiri kwenda kupaka ghorofa la watu. Analiuliza binti aliyeajiriwa juzi, akipiga hesabu ya kodi na kuona mshahara wake hautoshi hata chumba cha uani. Analiuliza mzee aliyeuza shamba lake Chanika, akaambiwa kwamba fedha zile zote zisingempatia hata pembe ya kiwanja Oysterbay.

Majibu yanayotolewa upesi ni mawili: kuna bahari, na kuna matajiri. Yote mawili ni ya kweli, lakini hayatoshi. Bahari iko Kigamboni, iko Kunduchi, iko Mbweni, na huko kote viwanja vimeuzwa kwa miaka mingi kwa bei ambayo mtu wa Masaki angeicheka. Na matajiri hawakuitengeneza Masaki. Walipofika waliikuta imekwisha kutengenezwa: barabara zimechorwa, mifereji imechimbwa, miti imepandwa, nyumba zimeachana kiasi cha jirani kutosikia redio ya jirani.

Jibu langu ni kwamba Masaki na Oysterbay zina nafasi. Nafasi hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ilitengwa na serikali, kwa uamuzi, karibu miaka mia moja iliyopita, ili wachache waishi vizuri. Sura hii inafuatilia uamuzi huo: nani aliufanya, nani aliurithi, na unaelekea wapi sasa.

Rasi ya pepo mbili

Ukitoka katikati ya jiji kuelekea kaskazini, unavuka mdomo wa Mto Msimbazi kwa Daraja la Selander au, tangu mwaka 2022, kwa Daraja la Tanzanite linalopita juu ya bahari. Ng'ambo ya pili unaingia Oysterbay. Ukiendelea unaingia Masaki, hadi ardhi inapoishia kwenye miamba ya matumbawe na Kisiwa cha Bongoyo kinaonekana mbele yako. Mashariki ni bahari kuu. Magharibi ni Ghuba ya Msasani, ambako maji yametulia na ngalawa za wavuvi zimefungwa. Kipande chote hiki huitwa Rasi ya Msasani, yaani ardhi iliyochomoza baharini.

Umbo hili lina faida ambayo mtu wa pwani anaielewa bila kufundishwa. Kaskazi ikivuma, kuanzia karibu Desemba hadi Machi, upepo unaifikia rasi moja kwa moja kutoka baharini. Kusi ikishika zamu katikati ya mwaka, nayo inafika. Usiku wa Februari, wakati mtu wa Manzese amelowa jasho chini ya bati, mtu wa Oysterbay anafungua dirisha na kulala.

Wa kwanza kuijua faida hiyo walikuwa wavuvi. Kijiji cha Msasani ni cha zamani kuliko Dar es Salaam yenyewe, na makaburi ya kale yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe bado yanashuhudia. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji wake kando ya kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860. Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, wakiyahamisha kutoka Bagamoyo. Katika miaka hiyo yote Msasani iliendelea na nyavu zake.

Sheria isiyotaja rangi

Wajerumani waligawa mji kwa sheria za ujenzi, na Waingereza, walioutwaa Septemba 1916, waliuendeleza mgawanyo huo. Mji ulikuwa na kanda tatu. Ya kwanza, upande wa bahari, ilikuwa ya nyumba za mtindo wa Ulaya tu. Ya pili ilikuwa ya biashara na makazi ya Wahindi. Ya tatu, kuanzia Kariakoo, ilikuwa ya Waafrika. Watu waliziita kwa majina yaliyoeleweka na kila mtu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mpana usiojengwa, na uwanja huo ndio Mnazi Mmoja ya leo. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: eti magonjwa, hasa malaria, yasivuke kutoka kwa Waafrika kwenda kwa wengine.

Ujanja wa sheria za Waingereza unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu bado tunaishi nao. Hawakuandika kwamba Mwafrika haruhusiwi kuishi Uzunguni. Waliandika aina ya nyumba inayoruhusiwa kujengwa pale: vifaa gani, ukubwa gani, umbali gani kutoka mpaka wa kiwanja. Mwafrika aliyelipwa ujira wa kuli asingeweza kujenga nyumba hiyo hata angefanya kazi maisha yake yote. Kiwango cha ujenzi kilifanya kazi ya kumzuia mtu, na karatasi ikabaki safi.

Uzunguni wa kwanza, ule wa karibu na Ikulu na Ocean Road, ulipojaa, serikali ilivuka Msimbazi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930, Oysterbay ilipimwa kuwa kitongoji cha maofisa wa kikoloni. Vingi vya viwanja vilikaribia nusu ekari, na vingine vilizidi. Nyumba iliwekwa katikati, imeelekezwa upepo unakotoka, ikiwa na baraza pana, dari ya juu na madirisha yanayotazamana. Kuizunguka palioteshwa michongoma. Nyuma kabisa, mbali na nyumba kubwa, palijengwa vyumba vidogo vya mpishi, yaya na mtunza bustani. Waafrika hawakukosekana Oysterbay hata siku moja. Walikuwapo tangu asubuhi ya kwanza, wakipika na kufagia, ila hawakuwa na jina kwenye hati.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Tanganyika ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na kutenga watu kwa rangi kukawa aibu kusema hadharani. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1949 ukaja na lugha mpya: ujazo. Ujazo ni wingi wa nyumba katika eneo. Ujazo mdogo maana yake ni viwanja vikubwa na nyumba chache, na ujazo mkubwa ni viwanja vidogo vilivyobanana. Oysterbay ikaitwa eneo la ujazo mdogo. Upanga, iliyofunguliwa zaidi kwa Wahindi, ikawa ya ujazo wa kati. Ilala, Temeke na Magomeni zikawa za ujazo mkubwa. Majina yalibadilika na mipaka ikabaki palepale.

Maneno haya bado yanatumika katika kila ofisi ya ardhi nchini. Kwa viwango vilivyozoeleka, kiwanja cha ujazo mdogo ni kikubwa mara kadhaa kuliko cha ujazo mkubwa. Kwa hiyo kiwanja kimoja kikubwa cha ujazo mdogo kingetosha nyumba kadhaa za Kiswahili za vyumba sita, zile zenye ukumbi katikati na ua nyuma, na kila nyumba ingepangishwa kwa familia kadhaa.

*Kwa ufupi:* Kwanza Oysterbay ililindwa kwa kiwango cha ujenzi, kisha kwa ujazo. Barabara na mifereji iligharimiwa na serikali, kwa hiyo mlipa kodi wa Magomeni naye aliichangia.

Ng'ombe wa mkurugenzi

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, nyumba hazikugawiwa kwa wananchi. Zilibaki za serikali, na anayepewa cheo alipewa na nyumba. Katibu mkuu, jaji, mkurugenzi wa shirika la umma, wote walihamia kwenye baraza zilezile, na makato kidogo yakitoka kwenye mshahara. Mwalimu Nyerere mwenyewe alihama Ikulu akaishi kwenye nyumba yake Msasani.

Wakati huohuo ardhi yenyewe ilibadilishiwa misingi. Mwaka 1963 umiliki wa moja kwa moja wa ardhi, ule wa milele, ulifutwa. Tangu hapo ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mtu hupewa haki ya kuitumia kwa muda maalumu, inayothibitishwa na hati. Azimio la Arusha la 1967 likawakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe walikuwa wakiyapangisha, na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Kwa karibu miaka ishirini, basi, hapakuwa na soko la maana la nyumba Oysterbay. Hukuweza kuinunua hata ukiwa na fedha. Uliingia kwa cheo na kutoka kwa cheo.

Halafu ikaja miaka ya shida. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 mshahara wa ofisa mkubwa haukufika hata katikati ya mwezi. Sukari ilikuwa ya foleni na sabuni ilikuwa ya kujuana. Hapo nusu ekari ya Oysterbay ikapata kazi ambayo mchoraji wake hakuiota. Watu walijenga mabanda ya kuku kwenye bustani za maua. Walifuga ng'ombe wa maziwa, na asubuhi watoto walizunguka na chupa wakiuza maziwa kwa majirani. Mchicha na matembele vilioteshwa palipokuwa na nyasi za kuchezea tenisi. Mkurugenzi alikwenda ofisini kwa gari la shirika, lakini ada na kitoweo vilitoka bandani, kwa kazi ya mkewe.

Wapo wanaoisimulia miaka hiyo kama kipindi cha aibu, mtaa wa heshima ulipogeuka zizi. Mimi naona kinyume chake. Ni wakati pekee katika historia yake ambapo nafasi ya Oysterbay ililisha watu badala ya kupambwa tu. Tena inaeleza kwa nini familia nyingi za watumishi zilivuka miaka ile zikiwa na nguvu kuliko familia za mitaa iliyobanana: zilikuwa na ardhi ya kulima mlangoni, na wengine hawakuwa nayo.

Chini ya mbuyu, Morogoro Stores

Kitu mashuhuri kuliko vyote kilichotoka Oysterbay hakikutoka ndani ya michongoma. Kilitoka kando ya duka.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, kusini, akaja Dar es Salaam katika miaka ya 1950 kutafuta kazi kama vijana wengine wa kusini. Alifanya kazi za nyumbani na bustani, na vibarua vya hapa na pale. Mnamo 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya mbao laini za dari, akitumia rangi za mafuta zinazong'aa, zilezile za kupakia baiskeli. Picha zilipangwa chini ya mbuyu nje ya Morogoro Stores, maduka yaliyohudumia wakazi wa Oysterbay. Wageni waliokuja kununua nyanya waliondoka na chui mwenye madoa ya duara na macho makubwa.

Aliwafundisha ndugu na jamaa, na hao wakafundisha wengine. Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu anayetoroka. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora palepale, mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika, na mpaka leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana dunia nzima.

Nalileta jambo hili kwa sababu linasahihisha picha ya mtaa. Oysterbay ilivuta watu wa aina mbili, waliopewa nyumba na waliokuja kuwauzia na kuwahudumia. Ukiandika historia ya wa kwanza peke yao, unaandika orodha ya vyeo.

Kuta, dola na mauzo

Katika miaka ya 1990 uchumi ulifunguliwa. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti ya viongozi, nao wakaruhusiwa tena kuwa na nyumba za kupangisha. Mabalozi, mashirika ya misaada, kampuni za madini na za simu zote zilitaka nyumba kubwa yenye uwanja, karibu na jiji, na zote zilienda mahali pamoja. Kodi ikaanza kutajwa kwa dola. Dalali aliyekuwa akipata kodi ya mwezi mmoja kwa kumpatia mteja nyumba aligundua kwamba mteja mmoja wa Masaki ni sawa na wateja wengi wa Kijitonyama.

Agosti 7, 1998, bomu lililokuwa ndani ya gari lililipuka nje ya ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon, Oysterbay. Watu 11 waliuawa na wengine wengi wakajeruhiwa. Ubalozi ulihamia baadaye kwenye jengo jipya upande wa Msasani, lakini mtaa haukurudi ulivyokuwa. Michongoma ilikatwa, kuta zikapanda, juu yake zikafungwa nyaya za umeme, na kila geti likapata mlinzi. Mtu aliyekulia pale miaka ya 1970 atakwambia kwamba zamani ukipita unaona baraza na watu wake. Sasa unaona geti.

Kisha serikali ikauza. Kuanzia mwaka 2002 nyumba nyingi za serikali, zikiwamo za Oysterbay na Masaki, ziliuzwa kwa watumishi wa umma waliokuwa wakiishi ndani yake. Uamuzi huo ulizua mjadala mkali bungeni na magazetini, ulioendelea hata baada ya uongozi kubadilika. Kwa maoni yangu wakosoaji walikuwa na hoja nzito. Serikali ilikabidhi ardhi ambayo isingeweza kuipata tena mahali pengine, na baadaye ikabaki kutafuta pa kuwaweka maofisa wake. Kwa aliyenunua ilikuwa bahati ya vizazi: kiwanja cha nusu ekari chenye hati, mahali ambapo dunia nzima inataka kupanga.

Mwaka 2025 kanuni mpya zilipiga marufuku kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni nchini, na kodi za nyumba nazo zikaguswa. Sarafu inayoandikwa kwenye mkataba ilibadilika. Idadi ya wanaoitaka Masaki haikubadilika.

Kata moja

Vuka Barabara ya Haile Selassie, teremka kidogo kuelekea Msasani, na baada ya mwendo wa dakika chache uko Makangira, Mikoroshini, au Bonde la Mpunga. Kiserikali yote haya ni Kata ya Msasani, pamoja na Masaki na Oysterbay. Diwani ni mmoja. Lakini huku vichochoro ni vya upana wa bodaboda, nyumba zimeegemeana, na mvua za masika zikikolea maji huingia ndani. Bonde la Mpunga lilikuwa bonde la mpunga kweli. Maji yalikuwa na kwao pale kabla ya watu.

Wanaoishi huku ndio wanaoiendesha rasi: wapishi, walinzi, madereva, mafundi bomba, dada wa kazi, wachuuzi wa samaki. Wamepanga karibu kwa sababu nauli na foleni kutoka Mbagala zingewala. Ukiwaondoa kwa wiki moja, Masaki haitapika wala kufua.

Mahali ambapo pande zote hukutana bila geti ni ufukwe wa Coco. Jioni ya Jumapili, na zaidi sikukuu za Idi na Krismasi, watu huja kutoka Tandale, Buguruni na Kimara kwa daladala na bajaji. Mihogo inakaangwa, inapasuliwa na kutiwa pilipili na kachumbari, madafu yanakatwa, watoto wanaingia majini na nguo zao. Upande wa pili wa barabara ni nyumba za kodi kubwa. Umiliki wa ufukwe huu umewahi kugombewa, na wako waliotaka kuujengea. Umebaki wazi, na naona huo ndio uamuzi bora wa mipangomiji uliowahi kufanywa kwenye rasi hii, maana upepo uliotengwa kwa ajili ya wachache, pale unagawiwa bure.

Ghorofa kwenye kiwanja cha mtu mmoja

Jiji lilikuwa na watu wapatao 270,000 mwaka 1967. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Hakuna eneo la ujazo mdogo lililo karibu na katikati ya jiji hivyo linaloweza kubaki lilivyo, wala sidhani linapaswa kubaki. Swali ni namna linavyobadilika.

Tuseme kiwanja cha mita za mraba 2,000 kilikuwa na nyumba moja ya familia ya watu sita, na watumishi wawili nyuma. Mrithi anaingia ubia na mjenzi. Linapanda ghorofa la nyumba 20. Kwa wastani wa watu wanne, ni watu 80 mahali palipokuwa na wanane, na magari yasiyopungua 20. Bustani imekuwa maegesho ya saruji. Mkrismasi uliokuwa ukiwaka maua mekundu kila Desemba umekatwa. Mvua iliyokuwa ikizama kwenye mchanga sasa inakimbilia barabarani, kwenye mfereji uliochimbwa kwa ajili ya mtaa wa nyumba chache, na kutoka hapo inatafuta bonde. Bonde lenyewe tumeshalitaja.

Ajabu ya biashara hii ni kwamba kila ghorofa linauzwa kwa sifa ya nafasi, na kila ghorofa linaipunguza. Mjenzi wa kwanza anauza utulivu. Wa kumi anauza jina.

Ikiwa wewe msomaji unafikiria kupanga au kununua kwenye rasi, au kwenye mtaa wowote unaosifiwa hivi, haya ndiyo ya kuangalia:

- Nenda wakati wa masika, mvua ikiwa inanyesha, ukaone maji yanaelekea wapi.
- Uliza majitaka yanakwenda wapi. Jengo likitegemea shimo, uliza gari la kunyonya huja mara ngapi na nani hulipa.
- Simama kwenye chumba utakacholala, zima kiyoyozi, fungua dirisha. Kama jengo jirani limekata upepo, unalipia upepo usiokuwapo.
- Kagua hati kwenye ofisi ya ardhi: muda uliobaki, na matumizi yaliyoandikwa. Kiwanja cha makazi hakigeuki cha biashara kwa maneno ya dalali.

Jambo moja zaidi, na hili linamhusu hata asiyenunua. Anayetaka kubadili matumizi ya kiwanja, mathalani kutoka nyumba ya familia kuwa ghorofa la kupangisha au hoteli, anatakiwa kutangaza kusudio lake, na kwa kawaida bango hubandikwa kwenye kiwanja chenyewe ili mwenye pingamizi aandike. Mabango hayo ni madogo, hufifia jua likiyapiga, na watu huyapita wakiwa ndani ya magari. Anayeishi Bonde la Mpunga ana haki ya kuandika pingamizi sawa na balozi wa Barabara ya Toure, kwa sababu maji ya ghorofa lile yatafika kwake kwanza. Barua hupelekwa manispaa ya Kinondoni ikitaja namba ya kiwanja na kitalu kama vilivyoandikwa kwenye bango, na anayeipeleka abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.